Nani alishusha maji ya Ziwa Victoria mwaka 2006?

Mwishoni mwa mwaka 2006 kipimo cha maji pale Jinja, Uganda, kilisoma mita 10 na nusu hivi, zinazohesabiwa kutoka alama ya kipimo chenyewe, si kutoka sakafu ya ziwa. Ziwa Victoria halikuwa limeshuka kiasi hicho kwa zaidi ya miaka 80. Mitumbwi ililala kwenye tope, meli zikapata shida kukaribia gati, na mamlaka za maji zikaanza kuhangaika na mabomba ambayo midomo yake ilikuwa karibu kubaki nje. Miaka mitatu tu nyuma, maji yalikuwa juu zaidi kwa mita moja na ushei.

Serikali ya Uganda ilisema ni ukame. Ng'ambo, upande wa Kenya na Tanzania, wengi walisema ni Uganda yenyewe, imefungulia maji ili ipate umeme. Ubishi huo haujaisha, na kila upande humwona mwenzake muongo. Kumbe kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hizo zimepimwa.

Ziwa linaloishi kwa mvua

Tumezoea kudhani kwamba ziwa kubwa hujazwa na mito mikubwa. Victoria sivyo. Eneo lake ni kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini wastani wa kina chake ni mita 40 tu, wakati Ziwa Tanganyika lina wastani unaopita mita 500. Tanganyika ni mtungi, Victoria ni sinia. Mvua inayoanguka moja kwa moja juu ya sinia hilo ndiyo huleta takriban asilimia 80 ya maji yote yanayoingia. Kagera, Mara, Simiyu, Nzoia, Yala, Nyando na mito mingine yote, ukiijumlisha, huleta kilichobaki. Kutoka nako ni hivyo hivyo: sehemu kubwa kabisa hupaa na jua, na iliyobaki hutokea mlango mmoja tu, Mto Nile pale Jinja.

Mvua na mvuke ni namba mbili kubwa zinazokaribiana sana. Kwa mwaka wa kawaida ziwa hupata mvua ya zaidi ya mita moja na nusu, na jua huchukua karibu kiasi hicho hicho. Kwa hiyo mvua ikizidi kidogo tu, ziwa hupanda. Ikipungua kidogo, hushuka. Mvua za mwishoni mwa 1961 na zilizofuata zililipandisha kwa karibu mita mbili na nusu ndani ya muda usiofika miaka mitatu, hadi Mei 1964 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.41.

Ndiyo maana mlango wa Jinja una nguvu kuliko unavyoonekana kwenye hesabu. Hutoa sehemu ndogo ya maji, lakini mvua hakuna anayeiamuru na jua hakuna anayelifunika. Jinja ndipo peke yake mkono wa mtu unapofika.

Mwamba uliogeuka karatasi

John Hanning Speke alipofika pale mwaka 1862 alikuta maporomoko, akayapa jina la Ripon. Chini ya maporomoko yale kulikuwa na mwamba uliokatiza mto, na mwamba huo ndio uliokuwa ukiamua maji kiasi gani yatoke. Ziwa likipanda, maji mengi zaidi yaliupita. Likishuka, yaliyopita yalipungua yenyewe. Katika miaka ya kiangazi ziwa lilijibania bila kuamriwa na mtu.

Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alizindua bwawa la Owen Falls, mwendo mfupi chini ya hapo. Siku hizi huitwa Nalubaale. Ripon ikamezwa na maji, na kazi ya mwamba ikahamia kwenye mageti. Misri haikuwa tayari kuyaachia mageti hayo yafunguliwe ovyo, na Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Uganda, ilipatana nayo kwa hati walizobadilishana kati ya 1949 na 1953. Wahandisi walichukua vipimo vya miaka mingi vya Ripon wakachora mstari: kina kikiwa hiki, maji ya kuachiwa ni haya. Kipimo cha Jinja kikisoma mita 11, mto hupewa takriban mita za ujazo 600 kwa sekunde. Kikisoma 12, karibu 1,100. Kikifika kwenye rekodi ya 1964, karibu 2,000. Bwawa lilitakiwa liishi kana kwamba halipo. Mhandisi wa Misri akawekwa Jinja kuhakikisha.

Huo ndio Mstari wa Makubaliano, na ni kanuni ya busara. Uliwekwa kwa ajili ya mkulima wa bonde la Nile kule Misri, lakini bila kukusudia ukamkinga pia mvuvi wa Homa Bay na wa Ukerewe, maana ziwa liliendelea kujibania wakati wa ukame kama zamani. Udhaifu wake ulikuwa kwenye orodha ya wahusika. Tanzania ina takriban asilimia 49 ya eneo la ziwa, Kenya asilimia 6. Hakuna hata moja iliyo mhusika wa mstari huo. Baada ya uhuru Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba Tanganyika haifungwi na mkataba wa Nile wa 1929 kati ya Misri na Uingereza, na sijawahi kuona hoja ya maana ya kumpinga. Lakini ndiyo hali ilivyokuwa: kilichokuwa kikilinda kina cha maji Mwanza ni karatasi ya ukoo ule ule wa kikoloni, iliyosainiwa na wengine kwa manufaa ya wengine.

Hesabu ya megawati

Kwa takriban miaka 45 mstari ulifuatwa kwa kiasi kikubwa. Kufuata ilikuwa rahisi, kwa sababu baada ya 1961 ziwa lilikaa juu na maji yaliyotoka yalikuwa karibu mara mbili ya yale ya miongo ya kabla. Hapo ndipo mtego ulipotegwa. Kizazi kizima cha wapangaji kiliyachukulia maji ya miaka ile kuwa ndiyo ya kawaida.

Uganda ikachimba mfereji pembeni ya bwawa la zamani na kujenga kituo cha pili, Kiira, kilichoanza kazi mwaka 2000. Nalubaale ina megawati 180. Mitambo mitano ya Kiira ilipokamilika iliongeza 200. Jumla 380. Ila vituo hivi viwili havifuatani mtoni. Vimekaa bega kwa bega. Tone lililopita Kiira haliwezi kupita Nalubaale. Kujenga kituo cha pili hapo kuliongeza idadi ya midomo, maji yakabaki yale yale.

Hesabu yenyewe haihitaji shahada. Maji pale huanguka kimo cha mita 20 hivi, na kwa kimo hicho kila mita ya ujazo kwa sekunde huzalisha kama kilowati 180. Ukitaka megawati 380 zote unahitaji zaidi ya mita za ujazo 2,000 kwa sekunde. Ziwa likiwa mita 11, mstari unakuruhusu 600, nazo zinakupa megawati 100 na kitu. Zilizobaki ni vyuma vimesimama, na mkopo wake unaendelea kudaiwa.

Tusiwafanye wakubwa wa Kampala kuwa mashetani. Mahitaji ya umeme yalikuwa yanapanda kila mwaka. Bwawa la Bujagali, ambalo lingeyatumia maji yale yale mara ya pili kilomita chache mbele, lilikwama; kampuni ya Kimarekani AES iliyokuwa ilijenge ilijitoa mwaka 2003. Mitambo ya dizeli ni ghali, na nchi ilikuwa tayari kwenye mgao mkali. Maji yako mlangoni, hayana bili. Serikali ngapi zingeyaacha yakae?

Mstari ukawekwa kando. Mwaka 2004 na 2005, wakati mvua zinapungua na ziwa linashuka, Jinja iliendelea kuachia zaidi ya mita za ujazo 1,000 kwa sekunde pale ambapo mstari ulitaka 700 au pungufu. Ule mwamba wa zamani ungekuwa unabana. Mageti yalifanya kinyume.

Sasa tuone ziada hiyo ina maana gani. Sentimita moja ya Ziwa Victoria ni maji mita za ujazo milioni 688. Ukiachia ziada ya mita za ujazo 400 kila sekunde kwa mwaka mzima, umetoa bilioni 12.6, yaani sentimita 18 za ziwa lote, kuanzia Bukoba hadi Kisumu. Miaka miwili, sentimita 36. Jua na ukame havijahesabiwa bado.

Daniel Kull, mtaalamu wa maji, alipiga hesabu hizi kwa kina na kutoa ripoti mwanzoni mwa 2006. Jibu lake: asilimia 55 ya mshuko wa 2004 na 2005 ilitokana na kuachia maji kupita mstari, asilimia 45 ni ukame. Ripoti ilibishiwa sana. Lakini mwaka 2009 watafiti waliotumia setilaiti, ambazo hupima kina cha maji toka angani bila kuomba takwimu za mtu, walipata jibu linalokaribiana: takriban nusu kwa nusu. Kwa hiyo aliyesema ukame hakudanganya, na aliyesema Jinja hakudanganya. Aliyedanganya ni yule aliyesema ni kimoja tu.

Kuna ulinganisho mmoja ambao huwa unanikera. Mwaka 2004 Tanzania ilianza mradi wa kuvuta maji ya ziwa kutoka Ihelele kwenda Kahama na Shinyanga, watu wapate ya kunywa. Cairo ikanung'unika. Mtambo ule ulijengwa wa kusafisha takriban mita za ujazo 80,000 kwa siku. Igawe kwa sekunde: haifiki hata mita moja ya ujazo. Ziada ya Jinja wakati ule ilikuwa zaidi ya mara 400 ya hiyo. Kelele zilipigwa kwenye ndoo, pipa likawa linavuja.

Ukingoni ndiko kunakoumia

Mtu akisikia ziwa limeshuka mita moja na wastani wake ni mita 40, anaona ni jambo dogo. Lakini ziwa haliishi kwa wastani. Uhai mwingi uko ukingoni, kwenye maji ya kiunoni, na ufuko wa Victoria sehemu nyingi ni mtambarare. Kwenye ghuba kama ya Winam au ya Mwanza, maji yakishuka mita moja wima, kwa ulalo hurudi nyuma makumi ya mita, kwingine mamia.

Chukua sato. Dume huchagua mahali penye mchanga, maji ya kina kifupi, akachimba kishimo cha mviringo kwa mdomo na mapezi, akakilinda. Jike huja kutaga humo, kisha huyakusanya mayai na kuyabeba kinywani hadi yaanguliwe, na vifaranga wakianza kujitegemea hujificha kwenye nyasi na matete ya pembeni. Ufuko ule ukikauka, sato hafi siku hiyo. Anakosa pa kuchimba, na vifaranga wanakosa pa kujificha. Mvuvi huja kuona pengo hilo baadaye sana, samaki wa ukubwa wa kuvuliwa wanapokuwa hawapo, na wakati huo hakuna tena anayekumbuka geti la Jinja.

Mafunjo yana kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Sangara alipopandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 alikuja kuwamaliza furu wa aina nyingi sana. Baadhi ya walionusurika walijificha ndani ya vinamasi vya mafunjo, kwa sababu humo maji yana oksijeni kidogo mno ambayo sangara haiwezi lakini furu wengine wameizoea. Kamongo na kambale nao hukulia humo humo. Maji yakiondoka chini ya mafunjo, milango ya maficho hayo hufungwa: samaki ama anakauka ndani, ama anatoka nje anakosubiriwa.

Halafu binadamu naye huingia. Kinamasi kilichokauka ni shamba jipya lenye rutuba ya bure. Hufyekwa, huchomwa, hupandwa mahindi na mboga. Mtu mwenye njaa huwezi kumlaumu. Lakini kinamasi kile ndicho kilichokuwa kinachuja tope, mbolea na maji machafu ya miji kabla hayajafika ziwani. Ziwa likirudi hukuta kichujio hakipo, na rutuba yote inaingia moja kwa moja kulisha mwani na magugumaji. Magugumaji yenyewe yana hila: mbegu zake hukaa kwenye tope kwa miaka mingi, na tope lililofunuliwa likapigwa na jua na kubaki na unyevu ndipo zinapochipua vizuri. Baada ya mvua kubwa za vuli ya 2006 na mafuriko yaliyofuata, Ghuba ya Winam iliyokuwa imepumua miaka kadhaa ilifunikwa tena na zulia la kijani.

Hasara hizi hazikuandikwa kwenye bei ya umeme wa Uganda. Aliyelipa ni mchuuzi wa dagaa, mwenye boti aliyelazimika kupakia nusu ya mzigo, na mama aliyekuwa akichota maji hatua kumi toka nyumbani akaanza kuvuka tope.

Mwaka 2006 Uganda ilipunguza maji ya Jinja na kukodi mitambo zaidi ya dizeli kwa bei ya kuumiza. Hata hivyo kilichoinua ziwa hasa ni zile mvua za vuli. Bahati, kwa kweli.

Kibao kilipogeuka

Oktoba 2019 mvua zilianza kunyesha kana kwamba hazitaki kukoma. Mei 2020 kipimo cha Jinja kikapita rekodi ya 1964 kidogo, na mwaka 2024 rekodi hiyo nayo ikavunjwa. Hoteli na mialo vikamezwa, watu wakahama. Aprili 2020 kisiwa cha mafunjo kilichokatika na kuelea kilikwenda kuziba mitambo ya Jinja, Uganda yote ikakosa umeme.

Safari hii lawama zikawa kinyume: mbona Uganda haifungulii? Ilifungulia, zaidi ya mita za ujazo 2,000 kwa sekunde. Lakini kila geti linalofunguliwa Jinja lina mtu chini yake. Maji yale huenda Ziwa Kyoga, hupita Ziwa Albert, na mwishowe hutandaa kwenye vinamasi vya Sudan Kusini, ambako Bor na majimbo ya jirani yalikuwa tayari yamefurika.

Tena tusidhani kishawishi cha 2005 kimeondoka kwa sababu siku hizi maji ni mengi. Bujagali ilianza kazi 2012 na megawati 250, Isimba 2019 na 183, Karuma 2024 na 600. Hizi zimefuatana mtoni, kwa hiyo tone moja linalotoka Jinja linafanya kazi mara nne, jambo ambalo Kiira haikuweza. Umeme ule ule sasa unahitaji maji kidogo zaidi, na hiyo ni nafuu. Lakini geuza upande wa pili: kila mita ya ujazo ya ziada sasa ina thamani mara kadhaa ya ile ya 2005, na nchi ina madeni ya mabwawa ya kulipa. Ukiingia ukame wa miaka mitatu, kishawishi cha kuuvuka mstari kitakuwa kikubwa zaidi.

Na mlangoni wahusika hawajabadilika sana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, makao yake Kisumu, inayokutanisha wataalamu wa nchi zote na kujadili kanuni ya kuachia maji, lakini funguo za mageti haina. Mkataba mpya wa Mto Nile, uliosubiriwa tangu 2010, ulianza kutumika Oktoba 2024 ukiwa na Ethiopia, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini. Kenya ilikuwa imesaini lakini haijaridhia. Misri na Sudan ziliukataa.

Kilichobadilika ni macho. Kina cha ziwa sasa hupimwa na setilaiti na vipimo viko wazi mtandaoni kwa yeyote. Ukiwa na mstari wa makubaliano mkononi, unaweza kukaa Musoma au Busia ukakokotoa leo Jinja ingepaswa kuachia kiasi gani. Namba ya kuilinganisha nayo, ile ya maji yaliyoachiwa kweli, hutoka kwa wenye mageti, na hiyo ndiyo ya kuidai kila wiki, ziwa likiwa juu au likiwa chini.